Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu, Tume ya Huduma za Walimu na vyuo vikuu: mshauri nasaha wa shule afunzwe, kisha aachwe afanye kazi

Mheshimiwa Waziri, Afisa Mkuu Mtendaji wa Tume ya Huduma za Walimu, pamoja nanyi wakuu wa vitivo vya elimu katika vyuo vikuu vyetu,

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili na Historia katika shule ya bweni ya wasichana hapa Kaunti ya Kilifi. Nimefundisha tangu 2008, na tangu 2012 naitwa mkuu wa idara ya ushauri nasaha. Nasema naitwa, kwa sababu siku niliyopewa kazi hiyo sikuwa na mafunzo yoyote ya kuifanya.

Ilikuwa siku ya kwanza ya muhula. Mwalimu mkuu wa wakati huo alikuwa akigawa majukumu kwenye mkutano wa walimu: michezo kwa huyu, maktaba kwa yule, mashindano ya drama kwa wale wawili wa pale nyuma. Alipofika kwenye ushauri nasaha aliinua macho, akayazungusha chumbani, yakatua kwangu. "Tumpe Mwalimu huyu," akasema, "ni mama, na ana subira." Wenzangu wakapiga makofi. Nikaandika "ushauri nasaha" kwenye daftari langu, chini ya vipindi vyangu 26 vya wiki. Sifa nilizopewa nazo kazi ile zilikuwa hizo mbili, umama na subira.

Ombi langu kwenu ni hili. Mshauri nasaha wa shule asomeshwe hadi kiwango cha uzamili, kwa gharama ya umma, na masomo yake yawe na saa za kutosha za kazi halisi chini ya msimamizi. Akisharudi na shahada yake, apewe nafasi ya kuifanya kazi aliyoisomea. Mafunzo bila nafasi hayajatusaidia, na nafasi bila mafunzo imewaumiza watoto. Nimeyaona yote mawili.

Nitawapa mfano mmoja, na nimebadilisha kila kinachoweza kumtambulisha mtoto mwenyewe. Katika mwaka wangu wa kwanza alinijia msichana wa kidato cha pili. Chumba chetu kilikuwa stoo ya michezo: nyavu za voliboli ukutani, mipira iliyopasuka ndani ya gunia, viti viwili vya plastiki na kidirisha kimoja kilichoelekea jikoni. Alikaa kwenye ukingo wa kiti, akawa analikunja pindo la sketi yake na kulikunjua, analikunja na kulikunjua. Kisha akasema, "Mwalimu, sitaki kwenda nyumbani likizo hii."

Jibu langu nalikumbuka neno kwa neno. "Usiseme hivyo, mwanangu. Nyumbani ni nyumbani. Wazazi wako wanajinyima ili wakulipie karo." Nikaendelea kumweleza juu ya bidii na sala, labda dakika kumi nzima. Aliitikia "ndiyo, Mwalimu" kila nilipotua. Mwishowe alilinyoosha pindo lake, akashukuru, akatoka. Mimi nami nilitoka mle nikijiona nimefanya kazi nzuri.

Hakurudi tena chumbani mwangu, na muhula uliofuata hakuripoti shuleni. Ilipita miezi mingi kabla hatujajua alichokuwa akikikimbia pale nyumbani, na ni nani aliyekuwa akimtendea. Sitayaeleza hapa. Ninachotaka mkijue ni kwamba mtoto yule alikuwa amekwisha kufanya sehemu iliyo ngumu kuliko zote. Alifika mlangoni, akaketi, akatamka sentensi ya kwanza. Sehemu iliyobaki ilikuwa yangu, nami sikujua kuifanya.

Nadhani hata lugha ilichangia kunipotosha. Nasaha kwetu ni maneno mema anayopewa mtu na aliyemzidi umri au elimu. Bibi hutoa nasaha kwa wajukuu, imamu na mchungaji hutoa nasaha kwa waumini, somo hutoa nasaha kwa mwari. Ukishaitwa mshauri nasaha unahisi kazi yako ni kusema. Ilinichukua karibu mwaka mzima wa masomo ya uzamili kujifunza kunyamaza, na kujua kwamba mtoto akisema "sitaki kwenda nyumbani" anakufungulia mlango ufa mdogo, nawe unamwuliza polepole, "Nyumbani kukoje?" Halafu unangoja, hata kimya kikifika dakika mbili. Dakika mbili ni ndefu sana kwa mwalimu. Sisi tumezoea kwamba darasa likinyamaza, ni wajibu wetu kulijaza.

Nilijifunza pia kumwambia mtoto mapema, kabla hajaanza, kwamba atakayoyasema yatabaki kati yetu isipokuwa pakiwa na hatari kwake au kwa mtu mwingine, na kwamba ikifika hapo nitamwambia kwanza nitakayempelekea habari. Nilijifunza kutofautisha huzuni ya matokeo mabaya ya mtihani na ugonjwa unaohitaji hospitali. Nilijifunza kumwuliza mtoto waziwazi kama amewahi kufikiria kujitoa uhai. Kabla ya hapo nilikuwa naliogopa swali hilo, nikiamini kwamba kulitaja ni kumpa wazo. Kumbe kuuliza kwa upole hakupandi wazo, na mara nyingi mtoto hupata nafuu kwa kuwa hatimaye kuna mtu mzima asiyeikimbia habari yake. Kumbukeni pia kwamba kujaribu kujiua lilikuwa kosa la jinai nchini Kenya hadi Januari 2025, Mahakama Kuu ilipoamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kinakiuka Katiba. Kwa miaka yote ile, shule ilipopatwa na tukio kama hilo ilikuwa rahisi zaidi kufunika kombe mwanaharamu apite. Sasa mahakama imefanya sehemu yake. Mtoto anayepona anarudishwa shuleni, na pale shuleni anahitaji mtu aliyesomea.

Haja hii haikuanza jana, na ofisi zenu zinaifahamu kuliko mimi. Wizara ilikuwa na kitengo cha ushauri nasaha tangu 1971. Ripoti ya Gachathi ya 1976, ya kamati ya kitaifa ya malengo na sera za elimu, ilisisitiza huduma hii shuleni, na ripoti zilizofuata zikairudia. Halafu ukaja mwaka 2001. Mwezi Machi wavulana 67 waliteketea bwenini katika shule ya upili ya Kyanguli, Machakos, kwa moto uliowashwa makusudi, huku mlango mmoja umefungwa na madirisha yana vyuma. Mwaka huohuo kiboko kilipigwa marufuku shuleni, na jopo la Naomi Wangai lililochunguza nidhamu na ghasia za wanafunzi likataka ushauri nasaha uimarishwe.

Naiunga mkono marufuku ile kwa moyo wangu wote. Sijamchapa mtoto hata mmoja tangu nianze kazi. Lakini kiboko kiliondolewa kwa tangazo moja, ilhali mtu aliyetarajiwa kuingia mahali pake alihitaji miaka miwili ya masomo, na masomo hayo hayakugharimiwa na yeyote. Tulichofanya ni kumchukua mwalimu wa Jiografia au wa Kiswahili na kumpa jina. Robo karne baadaye bado tunafanya hivyo, na kila migomo ikizuka, kila mabweni yakiungua, husikika sauti zikidai kiboko kirudi kwa sababu "ushauri nasaha umeshindwa". Katika shule nyingi haujapata kujaribiwa.

Mwaka 2014 Bunge lilipitisha Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia, ikaunda bodi ya kuwasajili wenye taaluma hii. Maana yake ni kwamba mtu mzima anayetafuta msaada mjini Mombasa ana sheria inayomlinda dhidi ya asiyesomea. Msichana wa miaka 15 katika shule ya bweni hana ulinzi huo. Yeye hupelekwa kwa yeyote aliyeteuliwa kwenye mkutano wa walimu, kama nilivyoteuliwa mimi.

Sasa nije kwenye masomo yenyewe, kwa kuwa wakuu wa vitivo nao ni wa kuambiwa.

Baada ya yule msichana nilihangaika sana. Mwaka 2016 nilijisajili kwa shahada ya uzamili ya elimu katika ushauri nasaha, kwa mpango wa likizo: Aprili, Agosti na Desemba. Walimu wengi wamesoma hivyo. Nilichukua mkopo kwenye Sacco, na nilipojumlisha karo, nauli na chumba cha kulala, nilitumia takribani shilingi 280,000. Wanangu walizoea likizo bila mama. Sijutii hata siku moja, maana wahadhiri wangu walikuwa watu wa dhati. Tulisoma nadharia za ushauri, makuzi ya mtoto na kijana, ushauri wa kikundi, upimaji, uelekezi wa taaluma, maadili ya kazi na mbinu za utafiti. Kulikuwa na mhadhiri mmoja aliyetukalisha wawili wawili, mmoja akisimulia jambo halisi la maisha yake na mwingine akisikiliza, sisi wengine tukitazama. Kila msikilizaji alipoanza kutoa mawaidha, mhadhiri aligonga meza kwa kalamu. Siku yangu aligonga mara kumi na moja.

Tatizo lilikuja kwenye mafunzo ya vitendo. Niliambiwa nikayafanye shuleni kwangu, nikapewa fomu yenye nafasi za kujaza saa. Katika wiki 12 msimamizi alikuja mara moja. Alikuwa amesafiri mbali, na aliniambia ana wanafunzi wa kusimamia kutoka Lamu hadi Taveta. Aliketi katika ofisi ya mwalimu mkuu, akaletewa chai, akalipitia faili langu, akaniuliza kama kuna changamoto, akatia saini. Hakunisikia nikizungumza na mtoto hata mmoja. Hakuomba nimsimulie kisa hata kimoja. Simlaumu yeye binafsi, maana alikuwa amepewa mzigo usiobebeka. Lakini nilipata alama nzuri katika somo la vitendo ilhali hakuna aliyewahi kuniona nikitenda.

Mnajua vyema kwamba hatumruhusu mtu kufundisha Hisabati kabla hajafanya mazoezi ya ualimu kwa muhula mmoja, mkaguzi akikaa nyuma ya darasa na fomu yake. Daktari akimaliza chuo hufanya utarajali wa mwaka mzima chini ya wakubwa wake. Kwa kazi ya kusikiliza mtoto aliyenajisiwa, au aliyefiwa na mama katikati ya muhula, tumeridhika na saini.

Marekani, ambako majimbo mengi humtaka mshauri wa shule awe na shahada ya uzamili, bodi inayoidhinisha masomo hayo, CACREP, huweka saa 100 za mazoezi ya awali, kisha saa 600 za utarajali. Katika hizo 600, angalau 240 ni za kukaa na wanafunzi wenyewe. Na kwa muda wote huo kuna msimamizi anayekutana na mwanafunzi wake kila wiki, takribani saa nzima, wakizipitia kazi alizofanya. Chama chao cha washauri wa shule kinapendekeza mshauri mmoja kwa wanafunzi 250. Siombi Kilifi iwe Marekani. Shule yetu ina wasichana zaidi ya 900, na najua hesabu za nchi hii. Naomba kitu kidogo kuliko hicho: mtu mwenye ujuzi anisikilize ninavyofanya kazi, saa moja kwa wiki, anirekebishe kabla sijamharibu mtoto wa mtu.

Msimamizi si wa kumkosoa mwanafunzi tu. Usiku mmoja, yapata saa tano, matroni alinigongea. Msichana mmoja alikuwa ameketi sakafuni bafuni, haongei wala halii, na alikuwa ameandika barua ya kuaga. Nilikaa naye sakafuni hadi mwadhini alipoita sala ya alfajiri. Saa mbili asubuhi tulikuwa hospitalini, na saa tano nilikuwa darasani nafundisha ngeli. Yule msichana alipona, alimaliza shule, na huniandikia kila Desemba. Ila wiki ile nilitetemeka mikono kila matroni alipopita dirishani, na hapakuwa na mtu hata mmoja wa taaluma yangu wa kumwambia. Ipo simu ya watoto, 116, na ni huduma njema. Mwanafunzi wa bweni hana simu.

Nilihitimu 2019. Mwalimu mkuu alinipongeza kwenye gwaride la Jumatatu, wanafunzi wakashangilia. Ratiba ya muhula ilipobandikwa nilikuwa na vipindi 26. Uzamili haumpandishi tena mwalimu daraja kwa kuwa nao tu, na hilo nimelikubali. Sikusoma kwa ajili ya mshahara. Kilichoniuma ni kugundua kwamba katika muundo wa kazi hapana mahali penye jina la nilichosomea. Ushauri nasaha ni jukumu la ziada, linafanywa wakati wa mapumziko ya chai, baada ya michezo au usiku wa prepu. Ukuu wa idara usio na muda wala chumba ni kilemba cha ukoka.

Tena kuna zamu. Wiki ya zamu yangu ndiyo wiki ninayosimama langoni siku ya kufungua shule na kupekua masanduku. Muhula mmoja nilimnyang'anya msichana simu aliyoificha ndani ya pakiti ya sodo. Siku tatu baadaye niliona analia nyuma ya maabara, nikamkaribia. Alinitazama akasema, "Mwalimu, si ni wewe ulinipeleka kwa naibu?" Nilikuwa mimi. Hakuniambia alichokuwa akilia, na sikuwa na haki ya kumlazimisha. Mtu mmoja hawezi kuwa askari wa asubuhi na msiri wa jioni kwa watoto walewale. Kila kitabu tulichosoma chuoni kilisema hivyo, na vyuo vyenu ndivyo vilivyotusomesha vitabu hivyo kwa pesa zetu.

Mtaala mpya umeuongeza uzito wa jambo hili. Mwaka jana, 2025, wanafunzi zaidi ya milioni moja wa Gredi ya 9 walitakiwa kuchagua mkondo wa Sekondari Pevu: STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Januari hii wakaanza Gredi ya 10. Shule moja ya jirani iliniomba nikazungumze na wao kabla hawajajaza fomu. Nilikuta watoto zaidi ya 100 chini ya mwarobaini, na nilipewa alasiri moja. Mvulana mmoja mwembamba alinyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, nikichagua michezo, bado naweza kuja kuwa mwalimu wa Bayolojia?" Nyuma yake mwingine akasema babake amekwisha kumchagulia STEM, hivyo kwake hakuna la kuuliza. Nilijibu nilivyoweza. Lakini maswali yale yalihitaji kila mtoto akae na mtu nusu saa, wazitazame alama zake za miaka mitatu, wayatazame anayoyapenda, waangalie ni shule zipi zilizo karibu zenye mkondo huo, na baba naye aitwe. Hiyo ni kazi ya kitaalamu, na uelekezi wa taaluma ni somo zima katika shahada ya uzamili. Tuliwaachia watoto wa miaka 14 na 15 uamuzi wa namna ile na walimu waliokuwa wakiusoma mwongozo kwa mara ya kwanza wiki ileile.

Hivyo basi, nini kifanyike?

Tume ianze kwa kuhesabu. Kila mwalimu ana faili kwenu. Tafuteni wote wenye shahada ya uzamili katika ushauri nasaha au saikolojia ya ushauri waliosomea kwa pesa zao na sasa wanafundisha Kemia na Dini kama vile hawakusoma kitu. Natumai mtashangaa mlivyo na hazina. Hao mnaweza kuwapunguzia vipindi hadi nusu muhula ujao, kuwaondoa katika zamu na kamati za nidhamu, na kuwapa chumba chenye mlango unaofungika. Hatua hiyo haihitaji sheria mpya.

Kisha muiweke nafasi ya mshauri nasaha wa shule katika muundo wa utumishi, yenye jina, sifa na ngazi zake, kama ilivyo kwa mwalimu wa elimu maalum. Nchi hii imewahi kufanya jambo la aina hiyo. Mwaka 1986 serikali ilianzisha Taasisi ya Elimu Maalum, KISE, kwa kutambua kwamba mwema na mvumilivu hatoshi kumfundisha mtoto kiziwi au asiyeona, lazima asomee. Walimu wetu wa sayansi nao wana kituo chao cha mafunzo, CEMASTEA. Nani amewahi kusema fedha zile zilipotea? Hapa wala hatuhitaji majengo mapya, kwa sababu vitivo vipo na wahadhiri wapo. Kinachotakiwa ni ufadhili kwa idadi fulani ya walimu kila mwaka, kila kaunti ikiwa na fungu lake, na likizo ya masomo yenye mshahara. Mwalimu naye atie saini kutumikia shule za umma kwa miaka kadhaa baada ya kuhitimu. Mimi ningetia saini ya miaka kumi.

Siombi kila shule ipate mtu wake mara moja. Shule za bweni zitangulie, kwa kuwa watoto wake usiku hawana mtu mwingine. Shule za kutwa zilizo karibukaribu, pamoja na zile za msingi zenye Gredi ya 7 hadi 9, zinaweza kugawana mshauri mmoja mwenye siku maalum kwa kila shule, watoto wakizijua siku hizo.

Nanyi wakuu wa vitivo, msiyafungie mafunzo ya vitendo ndani ya fomu. Kubalianeni na Wizara kwamba mwanafunzi wa uzamili atafanya kazi katika shule isiyo yake kwa angalau muhula mmoja mzima, akiwa ameachiliwa vipindi, na kwamba saa zake za kukaa na wanafunzi zitahesabiwa na kuonekana. Kama hamna wasimamizi wa kutosha kutoka chuoni, watumieni waliohitimu zamani. Katika kila kaunti ndogo teueni mshauri mmoja mzoefu awe msimamizi wa wenzake, mumlipe kwa kazi hiyo, na wanaosoma na wanaofanya kazi wakutane naye kila wiki au kila wiki mbili. Bodi iliyoundwa na sheria ya 2014 ishirikishwe ili anayehitimu asajiliwe moja kwa moja, na maadili ya taaluma yamfuate hadi shuleni.

Nimewahi kuambiwa, na mtu ninayemheshimu sana, kwamba shule zetu zina makasisi na maalim na hiyo inatosha. Nawathamini, tunafanya kazi pamoja, na mara nyingi wao ndio hunitumia mtoto. Mchungaji wetu aliwahi kuniletea msichana mjamzito, akaniambia, "Huyu mbele yangu anaona aibu, anasema anayofikiri nataka kuyasikia." Sera ya kuwarudisha shuleni wasichana waliojifungua ipo tangu 1994, na mwongozo wake ukaandikwa upya 2020. Lakini kurudi darasani ukiwa na maziwa kifuani na wenzako wakikunong'ona kunahitaji mtu wa kutembea nawe wiki hadi wiki, mtu asiyekuhukumu na anayejua la kufanya siku unapotaka kuacha tena. Huyo anaandaliwa.

Bajeti husomwa Juni. Naomba fungu la mafunzo ya washauri nasaha lionekane humo kwa jina lake, hata likiwa dogo. Tena naomba jibu la maandishi, na ikiwezekana lifike kabla ya likizo ya Agosti. Shuleni kwetu kuna walimu wawili vijana, mmoja wa Fizikia na mmoja wa Kiingereza, ambao watoto huwafuata wenyewe bila kutumwa. Wote wawili wameniuliza kama wachukue mkopo wakasomee uzamili huu, fomu za chuo wanazo tayari, na mimi sijawajibu.

Wenu katika kazi,

Mwalimu wa shule ya upili, Kaunti ya Kilifi